Kiongozi wa Kwaya na Somo la Inkiranya

Kila Jumapili asubuhi mjini Bujumbura, tangu Kanisa Kuu la Regina Mundi hadi makanisa madogo ya mitaani, sauti za kwaya husikika. Waumini huwasifu waimbaji, lakini ni wachache wanaomfikiria yule aliyewapa watu kisogo ili waimbaji waone uso wake. Leo twapenda kumzungumzia yeye, maana kazi yake ndiyo iinuayo au iangushayo kazi ya wote.

Kasoro tunayoiona mara kwa mara ni moja. Mwalimu wa kwaya hufanya kila jambo peke yake: huchagua nyimbo, huanzisha sauti, hutunza daftari, na mtu akikosea humkaripia mbele ya wenziwe. Siku akiugua au akihamishwa kikazi, kwaya nzima hunyamaza. Hapo ndipo inapodhihirika kwamba haikuwa kwaya, bali mtu mmoja aliyezungukwa na sauti.

Dawa yake tunayo nyumbani. Wapiga ngoma wa Burundi, ambao sanaa yao iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, hujipanga nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati iitwayo inkiranya. Ngoma za amashakwe hushika mdundo usiokatika, na zile za ibishikiso hufuata mdundo wa inkiranya. Aliye katikati huongoza, kisha hurudi mahali pake na mwenzake akashika zamu. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, nasi hatuwapingi. Lakini hapa nahodha ni mmoja kwa wakati wake, na kila baharia amefunzwa kushika usukani.

Tunajifunza nini? Kwanza, kiongozi awathamini wasiosifiwa. Sauti ya nne ni kama amashakwe: watu hawaitambui mpaka ikosekane. Pili, asikilize kabla ya kuamuru, kwani mkono usioongozwa na sikio hupunga hewa tu. Tatu, agawe kazi kwa kufuata vipawa. Wimbo wetu wa taifa, Burundi Bwacu, wa mwaka 1962, haukuwa kazi ya mtu mmoja: maneno yake yalitungwa na kundi lililoongozwa na Padri Jean-Baptiste Ntahokaja, na muziki ukatungwa na Marc Barengayabo.

Nne, na hili ndilo kubwa, aandae mrithi. Katika kila zoezi amwachie kijana wimbo mmoja auongoze, naye akae miongoni mwa waimbaji na kumtii. Wala asiwasahau akina dada. Amri ya rais ya mwaka 2017 ilikataza wanawake kupiga ngoma hizo. Katika kwaya hakuna kizuizi cha namna hiyo, na mara nyingi wao ndio wengi.

Tunajua kwamba kuachia nafasi kunauma, hasa kwa aliyeijenga kwaya kwa jasho lake. Hata hivyo, ndugu kiongozi, jiulize swali moja: Jumapili utakayokosekana, wimbo utaanza? Ukiweza kujibu ndiyo bila wasiwasi, basi umeongoza.