MFUPA HUOTA NDANI YA CHUMA

Je, unajua kwamba mfupa ni kitu chenye uhai? Mfupa una damu. Ukivunjika, hujiunga. Lakini nyonga ikiharibika sana haiponi yenyewe. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa baada ya kuvunjika, au kwa ugonjwa wa selimundu. Mgonjwa hushindwa kulima, hata kutembea.

Mgonjwa wa Ngara au Biharamulo anaweza kupewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1996. Huko MOI, nyonga mbovu hutolewa, ikawekwa ya bandia.

Chuma hushikaje?

Nyonga nyingine hushikizwa kwa saruji maalum. Nyingine hazina saruji. Hizi huwa na titani, chuma ambacho mwili haukikatai. Katika miaka ya 1950 Brånemark, mtaalamu wa Uswidi, aliona kwamba mfupa hung'ang'ania titani hata haibanduki.

Uso wa chuma hicho una vitundu vingi kama sega la nyuki, ila ni vidogo mno. Upana wa kitundu ni kama nywele chache zilizolazwa pamoja. Mfupa huota, ukaingia humo, ukashika. Kazi hiyo huchukua majuma mengi, hata miezi.

Usiharakishe

Fikiria chipukizi la mgomba ulilopanda. Mbuzi akilitikisa kila siku, mizizi haishiki. Mfupa nao ni hivyo. Chuma kikicheza, hata kwa unene wa nywele mbili tatu, huota utando laini badala ya mfupa. Chuma hulegea. Maumivu hurudi. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza.

Kwa hiyo fanya haya:

1. Tumia magongo mpaka daktari akuruhusu kuyaacha. Msimu wa kulima usikushawishi.
2. Usichuchumae, wala usikae kwenye kigoda kifupi. Chooni tumia kiti kilichotobolewa.
3. Usikubali kukandwa wala kuvutwa mguu.
4. Acha tumbaku. Huchelewesha mfupa kuota.
5. Ukiona homa, usaha au maumivu mapya, nenda zahanati siku hiyo hiyo.
6. Rudi kupimwa siku uliyopangiwa, hata kama huumwi.

Nanyi jamaa wa mgonjwa, mlimieni shamba na kumtekea maji. Haraka haraka haina baraka.