Gari la Bonasi: Fungua Boneti Kabla ya Kufungua Mkoba

MWEZI wa Oktoba unapowadia, miji midogo ya nchi ya chai hubadilika sura. Litein, Kapkatet, Mogogosiek na Bomet mjini hujaa watu kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Wauza magodoro hutoa bidhaa zao nje, mafundi cherehani hulala kazini, na kando ya barabara huanza kuonekana magari yaliyooshwa yakang'aa, kila moja likiwa na karatasi ya "Linauzwa" kwenye kioo. Ni msimu wa bonasi, na wenye magari mabovu wanaujua vizuri kuliko wenye chai.

Kwa msomaji asiyeishi huku, yafaa nieleze kidogo. Mkulima mdogo anayepeleka majani yake kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kila kilo. Hesabu za mwaka zikishafungwa mwisho wa Juni, salio la mauzo hulipwa kwa mkupuo mmoja, aghalabu Oktoba. Tuseme familia imeuza kilo 8,000 na kiwanda chao kimetangaza shilingi 25 kwa kilo. Hizo ni shilingi 200,000, zilizochumwa kwa vidole, majani mawili na chipukizi, mvuani na kwenye baridi. Wala si pesa za kutegemea kwamba zitarudi mwakani zikiwa vivyo hivyo. Mwaka 2025 wakulima wa Kericho na Bomet walilalamika vikali kuwa bonasi yao ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa.

Jirani yangu mmoja, karibu na Kapkatet, alikuwa na bonasi ya namna hiyo mfukoni pamoja na mkopo mdogo wa chama cha akiba alipoliona Probox jeupe kando ya barabara. Alilizunguka mara mbili, akapiga honi, akawasha redio, akalipa siku hiyo hiyo. Jioni akaingia nalo nyumbani huku watoto wakilikimbilia. Mkewe, ambaye ndiye aliyechuma sehemu kubwa ya majani hayo, hakuwa ameulizwa lolote, lakini alifurahi kama wengine.

Jumamosi yake mama huyo alichukua ndoo na ufagio ili aoshe matope ya ndani. Alipoinua zulia la nyuma alikuta punje za mbolea, na chini ya punje hizo chuma kilikuwa kimelika hata akaziona nyasi za uani.

"Baba watoto," akamwita mumewe, "njoo uone shamba ulilonunua."

Fundi ni wa nani?

Kosa la jirani yangu halikuwa kutojua magari. Wengi wetu hatuyajui. Kosa lake lilikuwa kumwamini fundi aliyeitwa na muuzaji, kijana mwenye mikono ya grisi aliyefungua boneti, akasikiliza kidogo na kusema, "Mzee, hii injini ni kama mpya."

Tafuta fundi wako mwenyewe, tena kutoka mji mwingine ikiwezekana. Ikiwa gari liko Sotik, mtoe fundi Kericho mjini. Mlipe ada yake kabla ya kwenda, na mweleze wazi kwamba atalipwa kiasi kile kile ukinunua au usiponunua. Fundi aliyeahidiwa "kitu kidogo" mauzo yakikamilika tayari ni fundi wa muuzaji, hata kama ni mtoto wa shangazi yako.

Nenda mapema, baridi ikiwa bado

Kericho iko mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi zake ni baridi. Baridi hiyo ni msaada mkubwa kwa mnunuzi. Mwambie muuzaji kwamba utafika saa kumi na mbili na nusu, na kwamba hutaki injini iwashwe kabla hujafika. Ukifika, jambo la kwanza, kabla hata salamu hazijaisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, uliza gari lilikuwa wapi usiku. Injini iliyochoka huwaka kwa shida ikiwa baridi, na ndiyo maana wenye nayo huipasha moto mapema.

Kabla ya kuwasha, toa kijiti cha kupimia oili na ufungue kifuniko inakomiminwa. Oili nyeusi tu ni ishara ya uvivu wa mwenye gari, si lazima iwe ugonjwa. Lakini ukiona utelezi mzito wa rangi ya chai ya maziwa, jihadhari sana, kwani aghalabu maji yamekutana na oili baada ya gasketi ya silinda kuungua. Fungua redieta pia, ikiwa baridi tu, na utazame kama kuna mafuta yanayoelea juu ya maji.

Kisha liwashwe huku wewe ukiwa umesimama nyuma. Hapa nataka kuwatetea wauzaji waaminifu kidogo. Katika baridi ya asubuhi karibu kila gari hutoa mvuke mweupe, nao hutoweka baada ya dakika chache. Huo si ubovu. Wa kuogopwa ni moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, kwani maji yanaungua humo ndani. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Wa mwisho ndio wenye nafuu kuutibu.

Msikilize pia muuzaji anavyojisifu. Injini ya Probox ya 1500, ile ya familia ya NZ, huendesha taimingi yake kwa mnyororo, si kwa mkanda. Basi akikuambia kwamba mwezi jana tu alibadilisha mkanda wa taimingi, unajua unazungumza na mtu wa aina gani. Kwenye Corolla 110 za zamani zenye injini ya 5A, kwa upande mwingine, mkanda upo kweli, na ni lazima uulize ulibadilishwa lini.

Inua kila zulia

Mvua ya huku hunyesha karibu mwaka mzima na udongo wetu mwekundu hung'ang'ania kila mahali. Gari lililoishi Kericho miaka 10 limelowa mara nyingi kuliko lililokaa Machakos. Ongeza na kazi ya shamba. Mbolea ya chai, ile NPK ya 26:5:5, ina chumvi ambazo zikipata unyevu hula chuma kimyakimya. Gari lililobeba magunia ya mbolea hata msimu mmoja bila kuoshwa sawasawa linaweza kuwa na rangi nzuri juu na sakafu ya karatasi chini.

Kwa hiyo inua mazulia yote, ya mbele na ya nyuma, na utazame mahali pa gurudumu la akiba. Lala chini, usiogope nguo kuchafuka, umulike vizingiti vya milango na matao ya magurudumu kwa tochi ya simu. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe juu ya bodi polepole, na pale ambapo haishiki pamejazwa pati na kupakwa rangi. Pati mahali padogo pa mlango si neno. Pati kwenye nguzo inayoshika paa ni habari nyingine kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo kila mtu wa Kericho na Bomet analijua lakini akinunua gari hulisahau. Probox nyingi za huku zimefanya kazi ya matatu, zikibeba abiria kutoka kituo hadi kituo, dereva akikalia nusu ya kiti ili abiria mwingine apate pa kukaa. Gari la namna hiyo lina alama zake. Kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango kuliko katikati. Bawaba za milango zimelegea kwa kufungwa kwa kishindo mara mia kwa siku. Springi za nyuma zimebadilishwa zikawekwa ngumu zaidi, hata gari tupu linasimama likiwa limeinua makalio. Sakafuni mna matundu ya viti vya ziada yaliyozibwa.

Mita ikisema kilomita 90,000 ilhali mpira wa pedali ya klachi umelika ukawa laini kama sabuni, amini pedali. Tairi nazo huongea. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne, na 2319, kwa mfano, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nambari za usajili zisikuhadae. KBA zilianza kutolewa mwaka 2007, KCA mwaka 2014 na KDA mwaka 2020, lakini herufi hizo husema gari lilisajiliwa lini Kenya, si lilitengenezwa lini. Sheria inaruhusu kuingiza gari kuukuu lisilozidi miaka minane, kwa hiyo KCA ya kwanza kwanza inaweza kuwa gari la mwaka 2007.

Mteremko ndio mtihani

Kuendesha gari kwenye barabara tambarare ya mjini hakukuambii kitu. Lipeleke mlimani, fundi na watu wawili wazito wakiwa ndani. Likipanda, sikiliza kama klachi inateleza, yaani injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Probox mpya zaidi, za kuanzia mwaka 2014, zenye gia za otomatiki zisizo na hatua, zichunguze kama zinatetemeka zikianza kupanda. Giaboksi hizo zinataka oili yake maalumu, na wengi huku huzimiminia oili yoyote iliyo dukani.

Kisha teremka. Barabara ya kutoka Kericho kupitia Kapsoit kuelekea Awasi inashuka sana, na ni mahali pazuri pa kujua kama breki zinabaki imara zikipata moto au pedali inaanza kuzama. Nenda polepole, tumia gia ya chini, na usijaribu breki mahali penye watu. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga breki, au usukani ukitetemeka, mwambie fundi alale chini ya gari tena.

Sizidishi chumvi. Oktoba 2018 basi lilianguka Fort Ternan na watu zaidi ya 50 wakafa. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likawavamia watu na magari kando ya barabara, na watu 52 wakapoteza maisha. Sisemi ajali hizo zilitokana na mtu kununua gari bovu sokoni. Nasema tu kwamba ndizo barabara watakazopita watoto wako wakiwa kwenye kiti cha nyuma.

Karatasi kabla ya pesa

Turudi kwa jirani yangu. Sakafu aliichomelea kwa mabati, na huenda angesahau. Lakini miezi mitatu baadaye vijana wawili walifika kwake wakiwa na gari la kuvutia magari. Yule aliyemuuzia hakuwa mwenyewe, alikuwa dalali. Mwenye gari halisi alikuwa amelikopea pesa kisha akaacha kulipa. Jirani yangu alikuwa na kipande cha karatasi chenye sahihi mbili na nakala ya logibuku, basi. Ilimbidi alipe deni la mtu asiyemjua ili abaki na gari lenye sakafu ya mabati. Mtoto wa pili alikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu ya karo.

Siku hizi kuchunguza rekodi za gari hakumhitaji mtu kwenda Nairobi. Kupitia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, unalipa ada ndogo na kupata jina la mwenye gari lililosajiliwa. Likiwa na majina mawili, la mtu na la benki au mkopeshaji, usilipe hata shilingi mpaka mkopeshaji aondoe jina lake. Mikopo mingine haionekani hapo. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika ilianzisha daftari ambamo wakopeshaji husajili madai yao, na hilo pia laweza kupekuliwa. Mpe muuzaji muda aeleze, kwani si kila mwenye mkopo ni mwizi, ila pesa zako zisubiri.

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile za logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Ikiwa namba imekwaruzwa au chuma kilichozunguka namba kina alama za kuchomelewa, ondoka. Mwenye gari mwenyewe ndiye anayeanzisha uhamishaji kwenye akaunti yake, nawe unakubali kwenye yako, na sheria inakutaka uombe ndani ya siku 14. "Nitakuhamishia wiki ijayo" si uhamishaji.

Oktoba iliyopita jirani yangu aliliuza Probox lile kwa mtu wa spea, kwa bei ambayo hapendi kuitaja. Sasa wanatafuta jingine. Nilikuwepo walipokwenda kuliangalia moja karibu na Kaplong, saa moja kasoro asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda juu ya chai. Safari hii walikuwa wawili. Muuzaji alikuwa ameanza kumwonyesha mzee redio na spika za nyuma wakati mama alipoweka mkono juu ya boneti, akautoa, akamwambia kwa upole, "Kijana, tutarudi kesho. Usiliwashe."