Balozi na Konseli: Tubishe Mlango Upi?

Mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye bintiye anafanya kazi za nyumbani huko Saudia, alitujia juma lililopita. Binti hajapiga simu kwa miezi miwili. "Nimwandikie balozi?" akauliza. "Mimi nani hata balozi anisome?"

Neno lenyewe balozi lina tarehe ndefu. Asili yake ni bailo, mkubwa wa wafanyabiashara wa Venice waliokaa Istanbul. Likapitia kwa Waturuki na Waarabu hadi kutufikia. Bailo alikuwa na kazi mbili: kuwatetea watu wake ugenini, na kuzungumza na Sultani kwa niaba ya dola yake. Ya kwanza ndiyo kazi ya konseli. Ya pili ni ya balozi kama tumjuavyo leo.

Unguja kazi hizo zilichanganyika vilevile. Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 akafika konseli wao wa kwanza, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem. Aliangalia maslahi ya wenziwe huku naye akifanya biashara yake ya pembe, sandarusi na ile merekani waliyoivaa bibi zetu. Mwaka 1841 akaja Mwingereza Atkins Hamerton, aliyekuwa konseli na papo hapo wakala wa siasa wa Kampuni ya East India. Kufikia mwaka 1873, konseli John Kirk alimkabili Sayyid Barghash kwa tishio la manowari kuzingira kisiwa, na soko la watumwa likafungwa. Soko lile lilistahili kufungwa. Ila cheo cha kutazama wageni na biashara zao kilikwisha kuwa mkono wa dola.

Sheria za sasa zimezitenga kazi hizo: mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 ni wa mabalozi, wa 1963 ni wa makonseli. Huu wa pili ndio unaotuhusu majumbani. Konseli hutoa pasipoti na husaidia raia wake. Raia akikamatwa, ana haki ya kutaka konseli wake aarifiwe, naye konseli ana haki ya kumzuru na kumtafutia wakili. Kumtoa jela kwa amri yake hawezi.

Tulimwambia mama yule aulizie afisa wa konseli katika ubalozi wetu wa Riyadh, awe na nakala ya pasipoti ya bintiye, jina la mwajiri na mkataba wa kazi. Nakala anayo. Mkataba hajapata kuuona.