Kung'oa Mathenge ni Nusu ya Kazi, Nyasi Ndizo Hukamilisha

Wakazi wa Sankuri, Balambala, Nanighi na Bura Mashariki wanalifahamu jambo hili vizuri. Vijana hukata mathenge wiki nzima kabla ya mvua, ardhi ikabaki wazi na mifugo ikapata njia ya kufika mtoni. Mvua za Gu hunyesha mwezi wa Aprili. Miezi michache baadaye kila kisiki kimetoa machipukizi mengi, na katikati ya visiki miche mipya imejaa. Kichaka kinachorudi huwa kizito kuliko kile kilichokatwa.

Hali hii huwavunja moyo wengi, na baadhi yao huamua kwamba mathenge hauna dawa. Ukweli ni kwamba mmea huu unaweza kuondolewa. Kinachokosewa mara nyingi ni kudhani kwamba kazi huisha siku ya kukata, ilhali huisha siku nyasi zinapoishika ardhi hiyo.

Ulikotoka

Mathenge, unaoitwa kitaalamu Prosopis juliflora, asili yake ni Amerika ya Kati, Amerika Kusini na visiwa vya Karibea. Nchini Kenya ulipandwa Bamburi, Mombasa, mwaka wa 1973 ili kurejesha mimea katika machimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipelekwa maeneo kame kama vile Baringo, Turkana na Tana River, ukiwemo mradi wa unyunyiziaji wa Bura. Nia ilikuwa njema: kupata kuni, kivuli na kinga dhidi ya upepo na jangwa.

Kutoka hapo mifugo na maji ya mafuriko viliusambaza. Kwa Kisomali mti huu huitwa garanwaa, yaani usiojulikana, kwa kuwa wazee hawakuwahi kuuona katika nchi yao. Huko Baringo, watafiti waliotumia picha za setilaiti walikuta eneo lililovamiwa likiwa chini ya hekta 900 mwaka wa 1988, na zaidi ya hekta 18,000 kufikia mwaka wa 2016. Jamii ya Ilchamus ya kaunti hiyo iliishtaki Serikali mwaka wa 2006, na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda ya mathenge alifikishwa mahakamani kama ushahidi. Mwaka wa 2008 mathenge ulitangazwa kuwa magugu hatari chini ya Sheria ya Kudhibiti Magugu Hatari, Sura ya 325, sheria inayompa mwenye ardhi wajibu wa kuondoa magugu ya aina hiyo.

Kwa nini hurudi

Mathenge una ghala mbili za kujirejesha. Ya kwanza ni kisiki. Ukikatwa kwa panga juu ya ardhi, vichipukizi vilivyolala kwenye shina, chini kidogo ya udongo, huamka vyote kwa pamoja. Mti uliokuwa na shina moja hugeuka kichaka.

Ghala ya pili ni mbegu. Maganda yana sukari, kwa hiyo mbuzi, ng'ombe na ngamia huyapenda. Mbegu zenye gamba gumu hupita tumboni bila kuharibika, kisha huangushwa pamoja na samadi, ambayo huzipa mbolea na unyevu. Mbegu nyingine hukaa ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua. Ndiyo sababu baada ya mafuriko ya Mto Tana, kama yale ya mwisho wa mwaka wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024, miche huonekana hata mahali ambapo haikuwepo.

Ardhi tupu yenye jua ni nafasi nzuri kwa mbegu hizo. Nyasi zikiwa zimesongamana, mche mchanga hukosa mwanga na maji na wengi hufa. Hapo ndipo nyasi za kudumu zinapofanya kazi ambayo panga haliwezi kuifanya.

Jinsi ya kufanya

Anza mahali ambapo mathenge ni mchache, kama vile kando ya njia za mifugo, kwenye laga na mipakani mwa malisho. Miche michanga hung'olewa kwa mkono au jembe udongo ukiwa na unyevu. Kichaka kizito kigawanywe vipande vidogo. Usifungue eneo kubwa kuliko lile unaloweza kulipanda na kulilinda msimu huohuo.

Ng'oa, usikate tu. Chimba kuzunguka shina kwa jembe au sururu, kisha ukate mzizi mkuu sentimita 20 hadi 30 chini ya ardhi, mahali pasipo na vichipukizi. Vaa viatu vizito na glavu, kwani miiba yake hutoboa hata tairi na jeraha lake huvimba. Kando ya mto, usiache ukingo mtupu kwa sababu maji yataumega. Ondoa mathenge kidogo kidogo na upande mimea mingine papo hapo.

Fanya kazi hii wakati wa Jilaal au Hagaa, ili ardhi iwe tayari kabla ya mvua za Gu au Deyr. Kwatua udongo juujuu. Penye ardhi ngumu, chimba vijishimo vya nusu mwezi vinavyoelekea juu ya mteremko ili vikinge maji. Mji wa Garissa hupata chini ya milimita 400 za mvua kwa mwaka, na maji yanayotiririka na kupotea ni hasara.

Panda nyasi za kudumu zilizozoea ukame. Miongoni mwa zinazofaa ni Cenchrus ciliaris, yenye kichwa kama mkia wa mbweha, Eragrostis superba na Enteropogon macrostachyus, ambazo zimetumika kwa miaka mingi kurejesha malisho katika maeneo kame ya Kenya. Mbegu ni ndogo, hivyo zifunikwe kwa udongo mwembamba tu. Zikifukiwa sana hazitoki. Mbegu iliyovunwa karibuni huwa bado imelala, kwa hivyo tafuta iliyohifadhiwa miezi kadhaa mahali pakavu.

Kisha funga eneo hilo. Mifugo isiingie hadi nyasi zitoe mbegu na kuziangusha. Msimu wa kwanza ni heri kukata nyasi na kuwapelekea wanyama zizini. Mifugo iliyokula maganda izuiliwe zizini siku kadhaa kabla ya kuingizwa, maana inabeba mbegu tumboni.

Rudi baada ya kila msimu wa mvua kung'oa miche. Hatua hii ndiyo husahaulika zaidi, ingawa mche wa mwezi mmoja hung'olewa kwa vidole viwili, na wa miaka mitatu huhitaji sururu na siku nzima.

Faida iliyopo

Mathenge uliokwisha kung'olewa bado una matumizi. Shina hutoa kuni, nguzo za ua na mkaa, lakini kutengeneza na kusafirisha mkaa huhitaji kibali hata kama mti ni magugu. Maganda yakikaushwa na kusagwa vizuri, mbegu huvunjika na unga wake huchanganywa na nyasi kuwa lishe ya mifugo wakati wa kiangazi. Maganda mazima yasihamishwe kutoka eneo moja hadi jingine.

Uamuzi mgumu zaidi huwa ni wa pamoja. Malisho mengi ya Garissa ni ya jamii, na boma moja likipanda huku jirani akiingiza mbuzi usiku, mbegu na jasho vinapotea. Kabla ya sururu ya kwanza kuinuliwa, wazee, akina mama, vijana na kamati ya malisho wakubaliane ni kipande gani kitafungwa, kwa muda gani, na mifugo itapita wapi kwenda majini.

Kwa ushauri kuhusu mbegu na upimaji wa vijishimo, wakazi wamwone afisa wa kilimo au wa mifugo wa wadi yao kabla ya mvua kuanza.