Kukaa na Kristu Siku Nzima

Asubuhi, mbele ya altare, si vigumu kwetu kuwa pamoja na Yezu Kristu. Lakini saa nne, jua likiwa kali, tukiwa na jembe ao chaki mkononi, je, bado tuko pamoja naye? Wengi kati yetu wanajiuliza hivyo kwa huzuni: «Tangu Misa sijamkumbuka Bwana hata mara moja. Labda ameniacha.» Tulitazame jambo hili vizuri.

Kwanza, tusichanganye mambo mawili: kuungana na Kristu, na kusikia utamu wa kuungana naye. Umoja wetu na Kristu ulianza siku ya ubatizo. Yeye mwenyewe alijifananisha na mzabibu, na sisi ni matawi yake. Utomvu unapita ndani ya tawi bila kelele, na tawi linaishi kwa utomvu huo. Dhambi ya mauti ndiyo inayolikata. Mawazo yanayotangatanga pasipo kutaka kwetu hayalikati, wala ukavu wa moyo haulikati. Seminarista asiyesikia kitu katika sala, na hata hivyo anadumu kusali, yuko karibu na Bwana kuliko anavyofikiri.

Lakini upendo wetu unaweza kupoa. Sote tumemwona mama akifunika makaa kwa majivu jioni. Kukicha anayafukua, anatia vijiti vikavu, anapuliza, na moto unawaka. Asipoyafunika, anakuta majivu baridi, tena inampasa kwenda kuomba moto kwa jirani. Misa na Komunyo Takatifu ndiyo moto wetu. Vijiti ni vitu vidogo: kumtolea Mungu siku yetu tunapoamka, ishara ya msalaba mbele ya kazi, maneno mawili matatu ya kimoyomoyo njiani, kuchunguza dhamiri jioni. Na kama moto umezimika kwa dhambi, tusione haya kwenda kuuomba tena katika Sakramenti ya Kitubio.

Tena kazi yenyewe, ikitolewa kwa Mungu na kufanywa vizuri, inageuka sala. Mwalimu anayemvumilia mtoto mgumu kwa kumpenda Kristu hajatoka mbele ya Bwana.

Katika nchi yetu tunaye shahidi wa jambo hili, Mwenye Heri Isidore Bakanja. Hakuwa padri wala bruda. Alikuwa msaidizi wa waashi, kisha mtumishi wa nyumbani. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 huko Mbandaka, iliyoitwa Coquilhatville wakati ule. Baadaye alikwenda kufanya kazi mbali, katika shamba la Ikili, mahali pasipokuwa na padri. Ni nini kilichomshika pale? Rozari yake, skapulari ya Bikira Maria shingoni, na sala aliyowafundisha wenzake wa kazi. Msimamizi wa shamba alimwamuru aivue skapulari. Alikataa, akapigwa vikali mno. Vidonda vyake havikupona. Alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri.

Tuangalie vizuri: msamaha ule haukuzaliwa siku ya fimbo. Ulitayarishwa polepole katika siku nyingi za kufagia, kubeba na kusali. Siku ya taabu, mtu anatoa kile alichoweka akiba.

Sisi tunaofundisha wengine tuna hatari yetu. Tunaweza kusema habari za Kristu tangu asubuhi hata jioni, bila kusema naye. Katekista ambaye padri anafika kijijini kwake mara chache tu katika mwaka, na padri mwenye vijiji vingi vya kuzungukia, wote wawili wanahitaji vijiti hivyo vidogo. Basi, kesho, kabla ya kufungua mlango wa darasa ao kushika njia, tusimame kidogo, tumwambie Bwana: «Twende pamoja.»