Blanketi la Punda: Kipupwe cha Nairobi na Haki ya Mnyama Atuleteaye Maji



Kipupwe kimeingia. Mtu atokaye Mombasa au Lamu akateremka Nairobi mwezi wa Julai, jambo la kwanza aliulizalo akifika kwa jamaa zake wa Pumwani, Eastleigh au Umoja ni blanketi. Halaumiwi. Kwetu Pwani, hata usiku wa msimu huu joto kwa kawaida huwa nyuzi 20 na zaidi. Nairobi imeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Tangu Juni hadi Agosti wingu hutanda siku nzima, na alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na pengine chini ya hapo. Mgeni hupewa blanketi la pili, na chai ya tangawizi juu yake.

Lakini yuko mwenyeji mwingine wa mitaa ile ambaye kipupwe humkuta nje, na aghalabu hakuna amuulizaye habari. Huyo ni punda. Kayole, Dandora, Njiru na Ruai, pale bomba linapokauka, yeye ndiye avutaye mkokoteni wa maji kutoka nyumba hadi nyumba. Mitungi 20 ya lita 20 ni kilo 400 za maji peke yake, bila ya kuhesabu mkokoteni. Maji tunayotawadhia katika nyumba nyingi za huko yamefika mlangoni kwa mgongo wake.

Tuliyoyaona Kayole

Tulikwenda Kayole kwa shughuli ya kifamilia, tukalala huko. Usiku kulinyesha manyunyu. Baada ya sala ya alfajiri tulimkuta kijana mchukuzi wa maji amesimama kando ya punda wake, uso umemsawajika. Punda alikuwa amefunikwa gunia la nailoni lililofungwa kwa kamba tumboni, kichwa amekiinamisha, anatetemeka.

"Nimemfunika tangu jana magharibi," kijana alituambia, "na bado anatetemeka. Mwaka jana mwezi kama huu nilipoteza mmoja kwa kichomi. Huyu akienda, mama na wadogo zangu sijui watakula nini."

Mzee mmoja jirani, aliyezaliwa Lamu na kuhamia Nairobi ujanani, alitoka nje akiwa na koti lake. Hakusema neno kwanza. Alipenyeza mkono chini ya gunia, akautoa umelowa.

"Mwanangu," akasema, "hukumfunika, umemvika maji. Mvue kwanza."

"Lakini baridi, mzee wangu."

"Baridi hii anaipata kwa huo unyevu. Lete nyasi kavu."

Waliufungua mkanda, wakamsugua mgongo, mbavu na mapaja kwa mafungu ya nyasi kavu, kisha kwa kitambaa cha taulo. Wakamsogeza nyuma ya ukuta uliozuia upepo, wakamwekea majani makavu mbele yake. Mzee akatandaza tabaka la nyasi kavu juu ya mgongo, na juu yake akalaza gunia la katani ili hewa ipite na unyevu uliobaki utoke. Ilipokaribia saa mbili kutetemeka kulikwisha, na punda akaanza kula. Siku ile hakuvuta mkokoteni. Kijana alisukuma mitungi michache kwa mikono, na hakulalamika.

Tuliondoka pale na fundisho moja, nalo ndilo tunalotaka kuwafikishia: kumfunika mnyama si lazima iwe kumpa joto. Blanketi baya, au jema lililotumika vibaya, laweza kudhuru kuliko kutokuwa nalo.

Kwa nini punda huhisi baridi

Watu wengi hudhani punda na farasi ni hali moja. Sivyo. Asili ya punda ni nchi kavu za pembe hii ya Afrika. Wataalamu wa nasaba za wanyama wanakadiria kwamba alianza kufugwa Afrika Mashariki miaka kama 7,000 iliyopita. Mwili wake umeumbwa kwa jua, mawe na ukame. Watafiti wa Uingereza waliopima manyoya ya wanyama hawa katika misimu yote walikuta kwamba farasi huota manyoya mazito baridi ikaribiapo, ilhali ya punda hayabadiliki sana. Tena manyoya ya punda hayafukuzi maji vizuri. Mvua hupenya upesi hadi kwenye ngozi. Ndiyo sababu punda aliye huru, akiona mvua na upepo, hukimbilia kivulini kabla ya farasi.

Punda wa Lamu hana haja ya blanketi. Huyu wa Kayole ni wa damu ile ile, ila amepelekwa juu mlimani, akafungwa kamba penye upepo, baada ya kutoka jasho la mchana kutwa. Wanaohitaji kuangaliwa zaidi ni wachanga, wazee, waliokonda, wenye mimba na wagonjwa.

Kabla ya blanketi, mambo matatu

La kwanza ni mahali pakavu. Banda la mabati yaliyotumika, lenye paa na kuta upande utokako upepo, lina faida kubwa kuliko blanketi la bei ghali. Lisizibwe pande zote, kwani hewa nzito ya mkojo na vumbi hudhuru mapafu. Sakafu iinuliwe kidogo, itandikwe majani makavu au mabua, na yaliyolowa yaondolewe kila siku.

La pili ni chakula. Tumbo la punda ni jiko lake. Nyasi kavu na mabua yachachukapo katika utumbo mkubwa hutoa joto kwa saa nyingi. Punda aliyelazwa na njaa hatapata joto hata akivikwa mablanketi matatu. Apewe majani makavu ya kutosha jioni, na maji safi ya kunywa; ni aibu abebaye maji ya mtaa mzima alale na kiu.

La tatu ni kumkausha. Akirudi kazini na jasho, asifunikwe papo hapo. Atembezwe polepole, avuliwe hatamu na mikanda, asuguliwe hadi manyoya yake yakauke, ndipo afunikwe.

Namna ya kuchagua

Farasi nao waliwahi kuwa wenyeji wa upande huu wa mji. Kabla ya mashindano kuhamishiwa barabara ya Ngong mwaka 1954, uwanja wa mbio za farasi ulikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh, na jina la barabara ya Race Course limebaki kuwa kumbukumbu. Farasi wa mashindano hushonewa mablanketi yao makusudi, na mtu akibahatika kulipata moja la mtumba, ni vyema ajue kulisoma. Uzito wa pamba ya ndani huhesabiwa kwa gramu kwa kila mita mraba. Sufuri ni koti la mvua tu. 100 hadi 150 ni jepesi. 200 hadi 250 ni la wastani. 300 na zaidi ni la nchi za theluji. Kwa Nairobi, jepesi latosha punda mzima mwenye afya, na la wastani ni la mzee au mgonjwa. Zito litamtoa jasho, na jasho likipoa litamrudisha kule kule kwenye baridi.

Wengi wetu, hata hivyo, tutategemea fundi cherehani na marundo ya mablanketi ya mitumba pale Gikomba. Haya ndiyo ya kuangalia.

Kitambaa. Sufu ni bora, kwa kuwa hushika joto hata ikipata unyevu kidogo. Yale mablanketi mepesi yenye manyoya laini hukauka upesi, nayo yafaa. Pamba tupu ikilowa hukaa na maji, haifai. Gunia la nailoni na turubai la plastiki vikigusa ngozi huzuia hewa, na mvuke wa mwili hugeuka maji ndani yake. Turubai ni la kuezekea banda.

Kipimo. Chukua kamba, anza katikati ya kifua, pitisha ubavuni hadi mwisho wa paja. Huo ndio urefu wa blanketi. Ubavuni lishuke likavuka tumbo kidogo, lisifike magotini akalikanyaga.

Mishipi. Mgongo wa punda ni mnyoofu; pale shingo inapokutana na bega hapakuinuka kama pa farasi, kwa hiyo blanketi lisilofungwa vyema huteleza. Lishonewe mshipi mmoja kifuani na miwili ipishanayo chini ya tumbo. Kiganja kipite baina ya mshipi na mwili bila ya kubanwa. Kamba nyembamba isitumike kamwe, maana hukata ngozi.

Bitana. Mabegani na kifuani, mahali panapochubuka, fundi ashonee kitambaa laini. Penye kidonda cha hatamu pasifunikwe na kitu cha kusugua.

Kulivalisha na kulivua

Blanketi ni vazi la usiku na la kupumzikia. Wakati wa kuvuta mkokoteni livuliwe, kwani kazi yenyewe humpa joto. Kila asubuhi livuliwe hata kama bado ni baridi, na mkono upitishwe mwilini mote: mbavu zisije zikakonda tusijue, mabega yasije yakachubuka, manyoya yasije yakashikana magamba kwa ugonjwa wa ngozi uletwao na unyevu. Blanketi lianikwe. Kwa kuwa jua la Julai ni haba, mwenye uwezo awe nayo mawili, moja likivaliwa jingine likauke.

Kujua kama limemfaa, usishike masikio. Hayo hupoa upesi na hudanganya. Penyeza kiganja chini ya blanketi nyuma ya bega. Pakiwa na uvuguvugu na pakavu, ni sawa. Pakiwa na jasho, limezidi. Pakiwa baridi na yeye anatetemeka, aongezewe chakula na kinga ya upepo, ndipo lifikiriwe blanketi jingine.

Na tujue kwamba punda huficha maumivu yake. Akiacha kula, akisimama kimya mbali na wenziwe, akikohoa au akitoka makamasi mazito, asisubiriwe. Joto la punda mzima mwenye afya huwa karibu na nyuzi 37. Likipanda sana, aitwe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Punda aliyekaa bila kula huweza kujazwa mafuta katika damu, na maradhi hayo huua upesi. Lamu wana zahanati ya punda tangu mwaka 1987, na Nairobi wako madaktari wa mifugo na Shirika la KSPCA linaloshughulikia wanyama.

Mzigo wa bwana

Wahenga wetu walisema: afe punda, mzigo wa bwana ufike. Tunalitamka kwa mzaha, lakini hesabu yake imebadilika. Machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi, zitengenezwazo dawa ya Kichina iitwayo ejiao, yaliidhinishwa nchini kuanzia mwaka 2016. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilipata punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ikapata zaidi kidogo ya milioni 1.1. Wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Februari 2024 kusitisha biashara hiyo ya ngozi, lakini punda waliokwisha hawarudi, na bei ya kumnunua mwingine imewapanda wachukuzi wengi vichwani. Punda akifa leo, mzigo wa kesho haufiki.

Wala jambo hili si la mchukuzi peke yake. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamkataza mtu kumtesa mnyama au kumbebesha asichokiweza. Na kabla ya sheria hiyo, sote tulifundishwa chuoni tungali watoto habari ya mwanamke aliyemfungia paka na ya mtu aliyemnywesha mbwa. Sisi tunaonunua mtungi mlangoni na kumhimiza kijana afanye haraka, tuna sehemu yetu. Mwenye blanketi kuukuu la sufu kabatini amgawie. Mwenye uwanja wenye ukuta amruhusu amfunge punda wake hapo usiku. Mwenye cherehani amshonee mishipi.

Kijana wa Kayole tulionana naye tena siku ya kuondoka. Punda alikuwa amevaa blanketi la kijivu la sufu, la mama mmoja wa mtaani, limeshonewa bitana ya kanga kifuani. Tuliweka mkono nyuma ya bega. Palikuwa pakavu, na pana uvuguvugu.