Kwa Nini Nyoka Huwauma Watu wa Mashamba

Watu wengi hudhani ya kuwa nyoka humvizia mtu kwa uadui, au kwamba ametumwa na jirani mwenye kijicho. Sivyo. Nyoka mwenye sumu hana haja na mtu, maana hawezi kummeza. Huuma akikanyagwa, akishikwa au akitishwa. Basi, tukitaka kujua ni nani atakayeumwa, na tutazame ni nani akutanaye na nyoka, na wapi.

Mfikirini kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni mnene na mzito, na rangi yake yafanana na majani makavu. Nyoka wengi wakihisi vishindo vya miguu hukimbia; yeye hutulia pale pale, asionekane. Mwenye viatu virefu vya ngozi na taa mkononi hupita salama. Lakini mkulima apaliliaye miguu mitupu, mtoto achungaye mbuzi, na mwanamke aokotaye kuni kabla hakujapambazuka, hao humkanyaga au humshika. Ndiyo sababu majeraha mengi huwa miguuni.

Swila naye hufuata panya, na panya hufuata nafaka. Mahindi yakiwekwa ndani ya nyumba yenye kuta za udongo zilizopasuka, swila aweza kuingia usiku kutafuta chakula chake. Naye alalaye chini juu ya mkeka, akigeuka usingizini, huumwa. Kitanda chafaa, na chandarua kilichochomekwa vema chini ya godoro chafaa zaidi, ingawa wengi hudhani ni cha mbu tu.

Tena iko hatari ya umbali. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa kila mwaka watu 81,000 mpaka 138,000 hufa kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wanavijiji wa Afrika na Asia. Dawa ya kushinda sumu ilivumbuliwa Ufaransa tangu miaka ya 1890, lakini ni ghali, wala haipatikani katika kila zahanati. Na mgonjwa hupoteza saa nyingi nyumbani, akichanjwa kwa wembe na kukazwa kamba, mambo ambayo humzidishia madhara.

Afadhali avuliwe pete na bangili kabla hajavimba, kiungo kilichoumwa kisitikisike, naye achukuliwe kwa machela au chombo chochote mpaka hospitali. Wala msikawie kumwinda nyoka mwenyewe; daktari aweza kutibu kwa kuzitazama dalili za mgonjwa.